Mlimani, Baraka Huja kwa Zamu

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alikuwa njiani kutoka Rabai, karibu na Mombasa, akielekea nchi ya Wachaga na wapagazi wachache na mwavuli mkononi. Asubuhi hiyo aliona mbele yake mlima wenye weupe kileleni. Akamuuliza kiongozi wa msafara, Bwana Kheri, ule weupe ni nini. Akajibiwa kuwa ni baridi tu. Rebmann, mzaliwa wa Gerlingen kusini mwa Ujerumani, hakuhitaji maelezo zaidi. Theluji alikua nayo.

Msafara ulipopumzika, alifungua Biblia pale alipokuwa amefikia katika usomaji wake wa kila siku. Ilikuwa Zaburi ya 111. Aliandika kwenye shajara yake kwamba zaburi hiyo ilimgusa maradufu akiwa mbele ya mlima ule, hasa aya ya sita, inayozungumzia uwezo wa kazi za Mungu na urithi wa mataifa. Kule London habari yake ilibishwa kwa miaka. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken alifika na vipimo vyake, na Rebmann akathibitika kuwa alisema kweli.

Aya ya sita ina mushkeli wake. Huo urithi wa mataifa ambao mgeni aliuona ukiahidiwa ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa nyumbani, na mifereji yao ya maji ilikuwa inatiririka.

Zaidi ya miaka 170 imepita na Wakristo wengi bado wanausoma Kilimanjaro kwa macho ya Rebmann. Ukutani sebuleni kuna kalenda ya kanisa: kilele cha Kibo juu, anga safi, mstari wa Zaburi chini yake. Lakini nilipopanda daladala pale Himo njia panda mwezi wa Agosti kuelekea Kilema, Kibo hakuonekana kabisa. Majira hayo mawingu hukaa mlimani siku nyingi, na aliyekuja kumtafuta Mungu kileleni hana budi kutazama chini. Huko chini ipo migomba, ipo mibuni, lipo vumbi jekundu, na yapo maji yanayokimbia kando ya barabara kwenye mtaro ambao hakuna mkandarasi aliyeuchimba.

Kilema ndiko Rebmann alikofika katika safari ile, akapokelewa na mtawala wake, Mangi Masaki. Mwaka 1890 walifika Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakajenga misheni, na wao ndio wanaotajwa kuwa waliotangulia kupanda kahawa katika miteremko hii. Hadi leo salamu ya barabarani hapa ni “Tumsifu Yesu Kristo,” na watoto wa shule hujibu “Milele, amina” bila kusimamisha mbio zao. Ukivuka kwenda Marangu, ambako Walutheri ni wengi, inageuka kuwa “Bwana Yesu asifiwe.” Dereva wa bodaboda anayezunguka pande zote mbili anazijua zote, na humpa kila abiria ya kwake. Alipoulizwa yeye ni wa wapi, alicheka akasema yeye ni wa nauli.

Mwenyeji wangu Kilema alikuwa mama mmoja mjane, mwalimu mstaafu. Kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani, hakifiki hata ekari moja, lakini mgeni akiingia hupotea. Juu kabisa imesimama miringaringa na miruka iliyoachwa makusudi kwa ajili ya kivuli, kuni na mbao. Chini yake kuna migomba ya aina nyingi: mshare wa kupikia, kisukari wa kula mbivu, na mingine ambayo mama aliitaja kwa Kichaga tu. Chini ya migomba ipo mibuni, na chini ya mibuni kuna magimbi, maharage na majani ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe hatoki nje. Amefungwa bandani, analetewa majani na mabua kutoka tambarare, na samadi yake inarudi kwenye mashina ya migomba. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliiweka Shimbwe Juu, kijiji kingine cha mlima huu, katika orodha yake ya mifumo ya kilimo yenye thamani ya urithi duniani, kwa sababu ya vihamba vya aina hii.

Mchana tulikula mtori wa ndizi. Kabla ya kula mama alisali, na sala yake haikuwa ya maneno makubwa. Alimshukuru Mungu kwa mvua ya juzi usiku. Akashukuru kwa ndama aliyezaliwa salama. Akamtaja kijana wa jirani aliyempandishia mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka chini bila kudai hela. Akashukuru kwa mgeni. Akamwombea fundi anayetengeneza bomba la shule ili amalize kazi. Mtori ulikuwa unapoa, lakini hakuharakisha orodha.

“Ukisema asante kwa yote, hujasema asante kwa kitu,” alisema akichota. “Mimi nilifundisha hesabu, mwanangu. Nahesabu.”

Kwa desturi ya zamani, kahawa ilikuwa mali ya baba na ndizi mali ya mama. Kahawa ilileta fedha kubwa: wakulima wa mlimani walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaundwa KNCU, mojawapo ya vyama vya ushirika vikongwe barani Afrika. Shule nyingi za huku zilisimama kwa fedha hizo. Ila bei ya kahawa huamuliwa mbali, na ilipoporomoka, wengi waling'oa mibuni. Mkungu wa ndizi uliodharauliwa kuwa ni mali ya jikoni ndio uliobaki kulipa ada. Mama alilisimulia hilo kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha, akaongeza kwamba hata Injili ina tabia hiyo ya kumpandisha aliyekaa chini.

Kesho yake mzee mmoja wa kamati ya maji alikubali niandamane naye hadi kwenye banio la mfongo wao. Mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mkono kutoka juu mtoni, ukafuata ukingo wa kilima kwa mteremko mdogo mno, hata jicho la mgeni hudhani maji yanapanda. Mifongo iko kwa mamia mlimani kote. Wazungu waliofika miaka ya 1880 waliiandika kwa mshangao, maana walikuta kazi ya upimaji iliyofanyika bila chombo chochote cha kupimia. Banio lenyewe halitishi macho: mawe, mashina ya migomba, udongo na nyasi, vimepangwa mtoni ili kugeuza sehemu ya maji tu. Sehemu nyingine lazima ipite. Kuna watu chini.

Hapo ndipo penye shule ya mfongo. Wa kwanza kupata maji siye mwenye haki kubwa kuliko wa mwisho. Kila nyumba ina siku yake na saa zake. Mwingine anafungua alfajiri, mwingine baada ya adhuhuri, mwingine usiku na tochi. Mwenye zamu hufungua mlango wa udongo kwa jembe, humwagilia, kisha hufunga. Siku za kusafisha mfongo kila nyumba hutoa mtu, na asiyekuja hutozwa faini. Zamani ilikuwa pombe au mbuzi, leo ni fedha. Anayeiba maji usiku hujulikana kabla hakujakucha, kwa sababu aliyeibiwa huamka na kukuta mfereji mkavu, na matope hayajui kutunza siri.

“Padre akihubiri habari ya jirani,” mzee alisema, “sisi wengine hatuhitaji mfano wa Msamaria. Tunamjua jirani. Ni yule wa chini yako.”

Alisimulia pia hadithi inayojulikana na kila mtoto wa Kichaga. Mawenzi alikuwa jirani mvivu. Moto wake ulizimika kila mara, akawa anakwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, na Kibo alimpa, akampa na ndizi. Mawenzi akarudi tena siku hiyohiyo kwa kisingizio kilekile. Kibo akachoka, akachukua mchi akampiga, na ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongoka na kuvunjikavunjika hadi leo. Wahubiri wa huku huitumia hadithi hiyo kwa njia mbili zisizopatana. Wapo wanaomkemea Mawenzi kwa uvivu. Mzee wangu alikuwa upande wa pili: alimlaumu Kibo, kwa kuwa aliyejaliwa moto usiozimika hakupaswa kuhesabu safari za mwombaji.

Juu ya banio unaanza msitu, na hapo kuna jambo ambalo picha za kalenda hazilionyeshi. Watu wengi huamini kuwa mito ya Kilimanjaro inatoka kwenye theluji. Watafiti waliofanya kazi hapa kwa miaka mingi, akiwemo mwanabotania Andreas Hemp, wameonyesha kuwa barafu inachangia kidogo sana. Kazi kubwa inafanywa na msitu. Katika miteremko ya kusini, mvua nyingi hunyesha kwenye ukanda wa msitu, kwenye kimo cha mita 2,000 na kidogo zaidi. Kule kileleni hupungua sana. Miti mirefu na ndevu za kijani zinazoning'inia kwenye matawi hukamata ukungu, zikaudondosha matone kwa matone hadi ardhini, na ardhi ikauachia taratibu kupitia chemchemi. Mwaka 2016 Hemp na wenzake walitangaza kuwa kwenye bonde moja la mlima huu umesimama mti wa jamii ya Entandrophragma excelsum wenye urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote wa asili uliowahi kupimwa Afrika. Hapo msituni pia linaota ua dogo jekundu na njano, Impatiens kilimanjari, lisilopatikana penginepo duniani. Wapanda mlima wengi hulipita bila kuinama.

Kumbe basi Rebmann alikisoma kitabu sahihi kwenye ukurasa usiolisha mtu. Theluji inasifiwa, msitu unafanya kazi.

Na theluji yenyewe inaondoka. Kati ya mwaka 1912 na 2011 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takribani asilimia 85, kutoka zaidi ya kilomita 11 za mraba hadi chini ya 2. Msitu nao umeumizwa na moto na misumeno. Fredrick Shoo, askofu wa Dayosisi ya Kaskazini aliyewahi kuwa Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania baada ya kuchaguliwa mwaka 2015, alilifanya jambo hili kuwa la madhabahuni kiasi kwamba Wajerumani walimpachika jina la askofu wa miti. Katika dayosisi hiyo vijana wa kipaimara walitakiwa kupanda miti kabla ya kubarikiwa. Baba mmoja wa Marangu alinionyesha mringaringa uliopandwa na binti yake, sasa umekuwa mkubwa wa kukalika kivulini. Binti mwenyewe anaishi Dar es Salaam. Kila akipiga simu huuliza habari za mama, za ng'ombe, na za mti wake.

Marangu ilikuwa na mchungaji wake wa maajabu. Richard Reusch, aliyetumwa na Misheni ya Leipzig, alipanda Kibo zaidi ya mara 40, na shimo lililo katikati ya kreta linaitwa kwa jina lake. Mwaka 1926 alimkuta chui aliyeganda kwenye barafu karibu na ukingo wa kreta, na chui huyo akaja kuingia katika hadithi ya Ernest Hemingway. Wazee wa Marangu hawamzungumzii chui sana. Nilipouliza, mmoja alijibu kwamba chui alikwenda kufuata asichokihitaji, akaniuliza kama nitakaa hadi Jumapili, kwa sababu ilikuwa Sikukuu ya Mavuno.

Nilikaa. Ibada ilianza kwa matarumbeta nje ya kanisa, na kisha msafara ukaanza kuingia. Mikungu ya ndizi ilibebwa kichwani. Walikuja watu na madebe ya mahindi yaliyovunwa mashamba ya tambarare, maharage kwenye vifuko, maparachichi, mayai kwenye vikapu vyenye majani makavu ya mgomba, majogoo waliofungwa miguu, chupa za maziwa. Mbuzi mmoja aligoma mlangoni, akasukumwa na wazee wawili wa kanisa huku kwaya ikiendelea bila kutetereka. Mtoto wa shule ya Jumapili alileta karoti mbili. Mchungaji alizipokea kwa mikono miwili, kama alivyopokea gunia lililotangulia.

Mahubiri yalijengwa juu ya Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, ambayo kila Mlutheri wa hapa aliikariri kabla ya kubarikiwa. Katika maelezo ya ombi la mkate wa kila siku, Luther hakuishia kwenye mkate. Aliorodhesha mavazi, viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, serikali njema, hali nzuri ya hewa, afya, marafiki wema, na karibu na mwisho akaweka majirani waaminifu. Mchungaji alisimama hapo kwenye majirani. Hakueleza sana. Alitaja mifongo mitatu ya usharika ule kwa majina yake, na watu wakaanza kuangaliana na kuguna.

Hakuwa wa kwanza kulivuta kanisa kwenda kwenye mfereji. Bruno Gutmann, mmisionari aliyefanya kazi Kilimanjaro kuanzia mwaka 1902 hadi 1938, akikatizwa na Vita ya Kwanza ya Dunia na matokeo yake, aliupanga usharika wa Old Moshi kwa kufuata ukoo, ujirani na rika. Aliamini kuwa vifungo hivyo ni zawadi ya Mungu na kwamba Ukristo usingefaa kuvikata. Wachaga wengi wa wakati wake walimwona amezidisha: alitaka wabaki walivyo kuliko wao wenyewe walivyotaka, wakati watoto wao walikuwa wanadai shule. Hata hivyo makanisa ya huku bado yana vikundi vya nyumba kwa nyumba, na mgonjwa akilala siku mbili bila kuonekana, anayekuja kubisha hodi mara nyingi ni mwenzake wa jumuiya, anayechota maji mfongo mmoja naye.

Baada ya ibada ukafuata mnada. Mzee mmoja mwembamba, mwenye sauti isiyolingana na kifua chake, alinyanyua yai moja na kulisifia kwa lugha ya wauza magari. Bei ilianza chini, ikapanda kwa utani, hadi yai likanunuliwa kwa fedha ambayo ingenunua trei nzima mjini. Mnunuzi akasema, “Lirudi mnadani.” Likauzwa tena. Likarudi tena. Jogoo alinunuliwa na kijana aliyetoka Arusha, akapewa bibi mmoja aliyekaa benchi la nyuma, na bibi huyo akamrudisha mnadani kwa sababu yeye, alisema, ana majogoo wawili wanaopigana tayari. Mkungu mkubwa kuliko yote ulikwenda kwa watoto yatima wanaolelewa na usharika. Karoti mbili za yule mtoto zilifikia bei ambayo ilimfanya mama yake afunike uso kwa kanga.

Kwa hesabu ya soko, mnada ule ni wazimu. Watu wanauziana walichokitoa wenyewe, kwa bei isiyokuwepo, na wengi wanaondoka mikono mitupu. Lakini kila kitu kiliguswa na watu watatu au wanne kabla ya kutulia, na jina la kila aliyegusa lilitangazwa hadharani. Ni mfongo uleule, ila hapa kilichopita ni yai.

Isidhaniwe kwamba mlimani kila jambo ni shwari. Vihamba vimegawanywa kwa wana, na wana wa wana, hadi vingine havitoshi nyumba na zizi. Vijana wengi wako mijini, na hurudi Desemba kwa wingi kiasi kwamba Watanzania wengine huwatania kuwa Wachaga wamekwenda kwao kuhesabiwa, utani uliochotwa moja kwa moja kutoka sura ya pili ya Luka. Sherehe zikiisha, geti linafungwa, na anayebaki kusafisha mfongo ni mzee wa miaka 70. Maji ya bomba nayo yameleta swali jipya: anayelipia mita yake haoni sababu ya kwenda kuzibua banio. Chemchemi ambazo wazee walizikuta zikibubujika, baadhi sasa hutoa maji miezi michache tu.

Maswali hayo yalifika hadi kwenye matangazo ya mwisho wa ibada. Katibu alisoma hesabu ya sadaka, ratiba ya wiki, jina la mgonjwa wa kuombewa, kisha akakumbusha kuwa vijana wa kipaimara walete miche Jumatano. Nje ya kanisa, kabla mnada haujafungwa, majirani wawili waliokuwa wameshindania yai moja kwa kicheko walikuwa tayari wanabishana kwa sauti juu ya nani aliacha mlango wa mfongo wazi Alhamisi usiku. Mmoja alidai zamu yake iliisha saa nne. Mwingine alidai alikuta maji bado yanaingia kwa mwenzake saa sita. Mzee wa kamati aliwasikiliza huku ameshika mbuzi aliyemnunua, akakataa kuamua siku ya Bwana, akawataka wafike kwenye banio Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, kila mmoja na jembe lake, kwa sababu hata hivyo mfongo ulikuwa unahitaji kuzibuliwa.